Upinde wa mpera unanishinda kuvuta: nipunguze wapi bila kuuharibu?

Swali: Habari fundi. Nimechonga upinde wa mti wa mpera hapa Kakamega. Urefu wake ni sentimita 165, upana karibu na mshiko milimita 45, unene hapo hapo milimita 18. Ukiwa umetiwa ugwe, kutoka mshiko hadi ugwe ni sentimita 15. Nikivuta hadi sentimita 55 mizani inasoma kilo 20 na mikono inaanza kutetemeka. Nataka kilo 18 nikivuta hadi sentimita 70. Bawa la chini, yaani nusu ya upinde iliyo chini ya mshiko, pia naliona gumu kuliko la juu. Jirani ananiambia nirefushe ugwe tu, kilo zitashuka. Ni kweli? Na nikipunguza kupita kiasi, naweza kurudisha?

Jibu: Jirani yako hakosei kabisa, ila dawa yake ni ndogo kuliko ugonjwa. Ukirefusha ugwe mpaka ile nafasi ya sentimita 15 ishuke hadi 12, kipimo chako cha sentimita 70 kitapungua kidogo sana, pengine kisifike hata kilo moja, na utalipa kwa ugwe kukuchapa mkono karibu kila unapoachia mshale. Wanaofupisha ugwe ili upinde uwe mkali nao hawapati wanachotafuta. Upinde huonekana umekakamaa, lakini kilo za mwisho hazipandi kwa maana, na mshale huenda polepole kwa kuwa umbali ambao ugwe unausukuma umepungua. Acha ugwe wako kwenye sentimita 15. Kimo hicho ni kama ngumi iliyosimamishwa juu ya mshiko na dole gumba likiwa limenyooshwa, na ni kimo kizuri kwa upinde wa urefu wako.

Sasa tuone una kilo ngapi za kuondoa. Kutoka sentimita 15 hadi 55 umevuta sentimita 40 ukapata kilo 20, yaani nusu kilo kwa kila sentimita. Upinde mnyoofu wa mti hupanda hivyo karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ungefika sentimita 70 ungesoma kilo 27 na nusu, ambazo ni kama pauni 60. Ni upinde mzito. Vilabu vya kulenga shabaha humwanzisha mgeni na pauni 20 hadi 25, kilo 9 hadi 11 hivi, na kwa kuwa kuwinda wanyamapori kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, shabaha ya magunia ndiyo matumizi yako. Kilo 18 kwa magunia ni nyingi za kutosha, na ningekuwa na sauti ningekushusha hadi 15.

Kabla ya kuondoa chochote, hakikisha hizo sentimita 70 ni zako kweli. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ya kingine, kisha ugawe kwa 2.5. Ukipata 175, jibu ni 70. Ukipata 165, mvuto wako ni 66, na sentimita nne hizo ni zaidi ya kilo moja ambayo huna haja ya kuikwangua.

Kinachofanya kazi hii iharibike mikononi mwa watu wengi ni unene. Ukipunguza upana wa bawa kwa asilimia 10, nguvu yake hushuka kwa asilimia 10. Ukipunguza unene kwa asilimia 10, nguvu hushuka kwa asilimia 27, kwa sababu unene huingia kwenye hesabu mara tatu: 0.9 kwa 0.9 kwa 0.9 ni 0.73. Kwenye bawa lako lenye milimita 18, nusu milimita ikiondoka kila mahali kwa uwiano huo huo ni zaidi ya kilo 2. Kutoka kilo 27 na nusu hadi 20 unahitaji kupoteza milimita 1.8 tu pale karibu na mshiko, na chini ya hapo kuelekea ncha. Kama kule karibu na ncha unene ni milimita 12, asilimia 10 yake ni milimita 1.2. Anayeondoa milimita mbili sawasawa kutoka mshiko hadi ncha atapata ncha zilizolegea kama fimbo ya kuvulia samaki.

Nimesema 20 wala si 18 kwa makusudi. Msasa wa mwisho utakula karibu kilo moja, na mishale mia ya kwanza itakula nusu kilo hadi kilo moja nyingine, mti unapozoea kupinda. Ukifika 18 ukiwa bado na tupa mkononi, utamaliza na 16.

Mbona basi nisikwambie tu ukate milimita 1.8 na uvute? Kwa sababu bawa lako la chini ni gumu, na bila shaka kwenye kila bawa kuna sehemu ngumu na sehemu laini. Kilo unazotaka kuziondoa zimejificha kwenye hizo sehemu ngumu. Ukisawazisha mkunjo, kilo zitashuka zenyewe, na mara nyingi hushuka haraka kuliko mtu anavyotarajia. Mizani katika kazi hii ina jukumu moja: kukuambia uache kuvuta. Weka kikomo cha kilo 20 na usikivuke hata siku moja, upinde ukiwa umefika sentimita ngapi. Leo unafika 20 kwenye sentimita 55, basi leo unavuta hadi 55 na kurudisha. Ukishakwangua, utafika 20 kwenye 58, kisha 61, kisha 65. Siku utakayofika sentimita 70 na mizani inasoma 20, umemaliza tupa. Anayelazimisha upinde wa kilo 27 ufike sentimita 70 "ili aone tu" anaziponda nyuzi za tumbo la upinde, yaani upande unaokutazama ukivuta, na nyuzi zilizopondwa hazirudi.

Lakini kwanza uliza kama mti umekauka. Kakamega hupata mvua karibu mara mbili ya Nakuru, na mpera uliokatwa miezi miwili iliyopita na kuegeshwa ukutani unaweza kuwa bado una maji ndani. Kwangua kidogo tumboni kwa kisu. Mti mkavu hutoa unga na vipande vinavyovunjika ukivikunja, mti mbichi hutoa nyuzi ndefu laini zinazojiviringa. Uthibitisho wa kweli ni mizani ya jikoni: pima upinde mzima kila Jumamosi, andika gramu. Wiki tatu mfululizo zikitoa namba ile ile, mti umelingana na hewa ya hapo ulipo. Kama bado unashuka, toa ugwe, utundike darini juu ya jiko la kuni, mbali na moto kiasi kwamba ukiweka kiganja hapo hakichomeki, na usubiri. Ukichonga mti mbichi, kilo unazosoma ni za uongo, na upinde utabaki umepinda hata ugwe ukitolewa.

Kama umekauka, tengeneza mahali pa kuvutia. Nguzo ya mbao ya kimo cha kifua, iliyokazwa wima ukutani, yenye pengo juu la kuweka mshiko. Chini, karibu na sakafu, funga kapi. Piga alama kwenye nguzo kila sentimita 5, kuanzia tumbo la mshiko kwenda chini. Kamba inatoka kwenye ugwe, inapita kwenye kapi, inakuja mkononi mwako ukiwa umesimama mita tatu hivi mbali, ukiuona upinde wote kwa mbele. Ile mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ya kilo 50, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ifunge kati ya ugwe na kamba. Ukiifunga upande wa mkono wako, msuguano wa kapi utaingia kwenye kipimo na utasoma kilo zisizokuwapo. Ijaribu mizani yenyewe kwanza: pima mtungi mtupu, tia lita 10 za maji kwa chupa ya lita moja, pima tena. Tofauti iwe kilo 10. Mizani nyingi za bei ya chini hupotoka, na ukijua zinapotoka kwa kiasi gani hakuna tatizo.

Kuna watu huning'iniza mtungi wenyewe kwenye ugwe na kuongeza maji hadi ufike alama. Kipimo hutoka sawa, ila upinde hukaa umevutwa dakika nzima, na upinde ambao haujasawazishwa haupaswi kushikiliwa hivyo hata sekunde tatu.

Nyuma ya nguzo, chora ukutani kwa makaa mistari ya mlalo, sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Simamisha simu mahali pamoja, piga picha upinde ukiwa umevutwa, uachie taratibu. Jicho husamehe mambo ambayo picha haisamehi. Weka picha ya leo kando ya picha ya jana na utaona bawa lipi limebadilika.

Sasa bawa la chini. Tia ugwe, pima kwa rula kutoka ugwe hadi tumbo la upinde pale shingoni, yaani pale mshiko unapokwisha kupungua na bawa kuanza, juu na chini. Bawa la juu linatakiwa liwe na nafasi kubwa kidogo kuliko la chini, milimita 3 hadi 6, kwa sababu mshale hupita juu ya mkono na vidole viwili kati ya vitatu huvuta chini yake. Kwa hiyo bawa la chini kuwa gumu kidogo ni sawa, ni jambo linalotakiwa. Kama tofauti ni milimita 10 au zaidi, hapo ndipo una kazi. Kama unavuta kwa vidole vyote vitatu chini ya mshale, fanya mabawa yote mawili yawe sawa.

Kwangua bawa la chini peke yake mpaka lifikie tofauti hiyo, ukivuta nusu tu, sentimita 35 hadi 40. Usiguse la juu katika hatua hii. Wengi hukwangua chini, wakaona limezidi, wakakwangua juu, likazidi, wakarudi chini, na baada ya saa mbili wana upinde wa kilo 9 uliosawazishwa vizuri kabisa.

Kutafuta sehemu ngumu ndani ya bawa moja, jicho pekee halitoshi, hasa kwenye mpera ambao fimbo zake huwa na vinundu na mawimbi madogo. Tengeneza kifaa hiki. Chukua kipande cha ubao kilichonyooka sana, urefu wa sentimita 14, toboa tundu katikati, ingiza penseli ikaze. Upinde ukiwa umetiwa ugwe, weka ubao huo tumboni mwa bawa, ukilala kwa urefu. Kwa kuwa bawa limekunjika, katikati ya ubao kutakuwa na mwanya. Tembeza ubao polepole kutoka shingoni hadi karibu na ncha na utafute mahali mwanya ni mkubwa kuliko kwingine kote: hapo ndipo bawa linakunjika zaidi. Sukuma penseli hadi ibaki upana wa unywele kugusa. Sasa tembeza tena bawa zima. Penseli itapita bila kugusa penye mkunjo mkubwa, na itachora msitari mweusi kila mahali ambapo bawa limelala bapa. Msitari huo ni ramani ya kazi yako: kwangua palipochorwa, paache palipo peupe. Ukimaliza, msitari umefutika kwa kukwanguliwa, unapitisha tena.

Sentimita 5 za kwanza kutoka shingoni na 15 za mwisho kuelekea ncha usizifuate penseli kwa utiifu huo. Shingoni penseli itachora kila mara, kwa kuwa hapo mti haufai kukunjika sana. Mpindo wa kudumu ukitokea karibu na mshiko, ncha husogea mbali kuliko ungetokea mahali pengine popote. Ncha nazo ziache zikae ngumu kidogo.

Zana: tupa ya mbao yenye meno makubwa kwa mara ya kwanza tu, kama kuna mahali pamezidi zaidi ya milimita moja. Baada ya hapo tumia kipande cha kioo kilichovunjika, au ubapa wa kisu ulioshikwa wima na kuvutwa kuelekea kwako. Kioo huondoa ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu. Kokota mara 10 kwenye kila alama ya penseli, si zaidi. Kisha, na hapa ndipo subira inapohitajika, rudisha upinde kwenye nguzo uuvute mara 20 hadi 30 kwa nusu mvuto kabla ya kupima chochote. Mti hauonyeshi mabadiliko mara moja. Anayekwangua na kupima papo hapo ataona hakuna kilichobadilika, atakwangua tena, na mabadiliko yote mawili yatakuja kwa pamoja.

Kazi yote ni tumboni, upande unaokutazama wewe ukivuta. Mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, usiuguse kwa tupa wala randa wala msasa mkali. Mpera una gome jembamba linalobanduka lenyewe kwa magamba, na mti laini ulio chini yake tu ndio mgongo wako. Nyuzi zake zinakwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha, na ndizo zinazobeba mvuto wote. Ukizikata mahali pamoja, upinde utafungukia hapo. Kwenye vinundu vya vitawi, acha kilima kidogo kikae kama kilivyo. Fundi wa samani ataona ni uchafu na atatamani kukisawazisha na randa, mwambie asikuguse.

Kuhusu upana: usipunguze upana ili kushusha kilo. Hesabu inakubali, lakini unene ukibaki ule ule, nyuzi za tumbo hubanwa kwa kiasi kile kile kwa kila mkunjo, na sasa zimepungua. Unene unapopungua, mti hukunjika kwa raha zaidi. Pahali pa kupunguza upana ni sentimita 20 za mwisho za kila bawa, zichonge pembeni taratibu hadi milimita 12 penye kikato cha ugwe. Hapo hupotezi kilo nyingi, ila ncha nyepesi hurudi haraka na ule mtetemo unaogonga mkono unapoachia hupungua. Fanya hivyo ukiwa umebakiza sentimita 5 kufikia mvuto wako kamili, usifanye mwanzo.

Dalili za kukufanya usimame:

Toa ugwe na ulaze upinde mezani mgongo ukigusa meza. Ncha zikiwa zimeinuka sentimita 2 au 2.5 kuliko zilivyokuwa kabla hujaanza kuuvuta, ni kawaida ya upinde wa mti. Zikipita 4, kuna mahali panaonewa, na ukiendelea kuvuta utazidisha. Tafuta mahali hapo kwa penseli, ni pale penye mwanya mkubwa kuliko wote, na usipaguse tena. Kwangua kwingine kote.

Ukiona mahali pamoja panakunjika kama kiwiko, tiba ni hiyo hiyo, na kilo zitashuka kwa kuwa unalegeza bawa zima ili lilingane na pale palipolegea. Hakuna namna ya kurudisha mti kwenye kiwiko. Kama kiwiko kiko sentimita chache kutoka nchani, kukata ncha na kuchonga kikato kipya kunaweza kukiokoa kile kilichobaki.

Mistari myembamba inayokwenda kwa upana tumboni, kama mikunjo ya ngozi ya kifundo, ni nyuzi zilizopondwa. Gundi haiwezi kuingia humo ikasaidia. Legeza kulia na kushoto kwake, punguza lengo lako kwa kilo 3, na upinde unaweza kuendelea kutumika.

Kibanzi kinachonyanyuka mgongoni ni hatari zaidi. Pitisha pamba juu ya mgongo mzima kabla ya kila kipindi cha kazi. Ikinasa mahali, kagua hapo kwa mwanga wa pembeni. Kibanzi kidogo pembeni unaweza kukitia gundi ya matone na kukizungushia uzi uliobanana sentimita 3 kila upande. Kibanzi katikati ya mgongo penye mkunjo mkubwa, acha kuvuta.

Na usiachie ugwe bila mshale hata kwa kujaribu. Nguvu iliyokusudiwa kwenda na mshale hurudi kwenye mabawa, na upinde wa mti unaweza kuvunjika vipande usoni. Vaa miwani ya fundi wa kuchomelea, ile isiyo na giza, wakati wote wa kazi ya nguzo.

Sasa swali lako la mwisho, kurudisha kilo. Inawezekana kwa kiasi kidogo, na kila njia ina bei yake.

Njia ya kwanza ni kufupisha. Kata sentimita 2.5 kila ncha, chonga vikato vipya. Upinde wako wa kilo 18 utapanda karibu kilo 2. Lakini ukiwa na mshiko na shingo zisizokunjika za sentimita 20, na mvuto wa 70, urefu wa 160 ndio sakafu: mara mbili ya 70, jumlisha 20. Una sentimita 5 tu za kucheza nazo. Ukishuka chini ya hapo, kilo za sentimita za mwisho hupanda ghafla kama ukuta na mti hubanwa kupita kiasi. Baada ya kukata, kagua mkunjo upya kwa penseli.

Njia ya pili ni moto, na kwa miti kama mpera ndiyo ningeichagua. Fungia upinde kwenye ubao ulionyooka, tumbo likitazama chini, juu ya makaa yaliyoiva vizuri bila ndimi za moto. Kimo cha sentimita 15 hivi. Sogeza kipande kwa kipande, polepole, hadi tumbo ligeuke rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona nyeusi au moshi mzito, umeharakisha. Mgongo usiwe wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, kwani mgongo uliokaushwa kupita kiasi hukatika. Moto huu hulikaza tumbo na kulinyoosha, na mara nyingi huleta kilo 2 hivi. Baadaye usiuvute kwa wiki nzima. Uache nje ya jua, urudishe unyevu kidogo kutoka hewani. Wanaouvuta jioni ile ile hubaki na kuni zilizochongwa vizuri.

Kubandika kano za ng'ombe mgongoni kunaongeza nguvu pia, ila gundi ya ngozi na kano hunywa unyevu, na kwa hewa ya Kakamega au ya kando ya ziwa Kisumu kazi hiyo itakusumbua kila masika. Sikushauri.

Unyevu huo huo utakuchezea hata upinde uliokamilika. Mti ule ule utasoma kilo zaidi kidogo Januari, kiangazi kikiwa kimekaza, kuliko Aprili mvua zikiwa zimeshika. Ndiyo sababu uandike tarehe kando ya kila kipimo, na ndiyo sababu upake mafuta ya kitani au vanishi mara tu msasa wa mwisho unapokwisha. Msasa namba 80 kufuta alama za kioo, kisha 120, kisha 220, tumboni na pembeni. Mgongo upitishe 220 tu, kwa mkono mwepesi. Tabaka tatu za mafuta, siku moja kati ya tabaka na tabaka.

Ugwe wenyewe: kama unatumia uzi wa nailoni wa nyavu, utanyooka, na ile nafasi ya sentimita 15 itashuka kila baada ya mishale michache. Uzi wa poliesta hunyooka kidogo kuliko chochote kingine utakachopata dukani kwa bei hiyo. Jaribu nguvu ya uzi mmoja kwa kuuning'iniza na ndoo, ukiongeza maji lita kwa lita hadi ukatike. Ukikatika kwenye kilo 9, na unataka ugwe wenye uwezo wa mara nne ya kilo 18, yaani 72, unahitaji nyuzi 8. Weka 10, kwa kuwa fundo hudhoofisha.

Mishale uliyokuwa nayo kwa upinde wa kilo 27 itakuwa migumu mno kwa huu mpya, itakwenda kushoto kama unavuta kwa mkono wa kulia. Tafuta miembamba zaidi, na upime uzito wake kwa mizani ya dukani inayosoma gramu: kwa kilo 18, mshale kamili na kichwa chake uwe gramu 26 hivi. Mshale wa gramu 15 utaruka mbali, utakufurahisha, na utaupiga upinde wako karibu kama vile hukuweka mshale.

Ukishapiga mishale mia, rudi kwenye nguzo, pima kwenye sentimita 70, na uangalie tena tofauti ya shingoni. Ikiwa bawa la chini limelegea kuliko la juu, kukwangua kidogo kwa kioo kwenye la juu kutatosha.